Tarumbeta Iliyomtangulia Mwali

Mama mwenye mtoto anayejua kupuliza, kupiga au kuimba, soma haya kabla mfanyabiashara wa kaseti hajafika kwako. Akishafika utakuwa umechelewa, kama nilivyochelewa mimi. Hatakuja na sura ya mwizi. Atakuja anacheka, ataomba maji ya kunywa, atamsifu mwanao mpaka mwenyewe utainuka kumtengea chakula.

Mwanangu ni Laurenti, kitinda mimba wangu. Tarumbeta aliianzia misheni kwetu Matombo, kwenye bendi ya mapadri iliyokuwa ikitangulia maandamano ya sikukuu. Alipoteremka mjini Morogoro akachukuliwa na bendi ya kiwanda. Enzi zile kiwanda kilikuwa na bendi yake, na ile yao waliiita jazi, basi watu wakamwita Laurenti Jazi na jina likamganda. Jumamosi akisimama mbele na kufumba macho, hata wanaume waliokuwa wakigombana mezani walinyamaza. Na mimi nikipita mtaani nilisalimiwa kwa heshima, mama yake Jazi yule.

Kisha kiwanda kikauzwa. Walisema ni soko huria, mwekezaji anakuja. Mwekezaji akaja, akatia kufuli, akaondoka. Bendi ikatawanyika, mpiga ngoma akaenda kulima mchicha bondeni, wa gitaa akarudi kwao Mahenge. Laurenti alitoka getini na tarumbeta chini ya koti, maana mishahara hawakupewa, kila mmoja alishika alichoweza kushika. Ikabaki kupuliza harusini, mbele ya gari la bibi harusi, vumbi linamwingia mdomoni.

Wakati huohuo televisheni zikaingia mtaani. Kwa jirani yetu Mwinjuma tulijazana jioni kutazama tamthilia ya Wameksiko. Msichana maskini, kijana tajiri, mama mkwe mwenye roho mbaya, na kila wanapopendana wanatokea wanaume wenye kofia pana kama ungo, wanapiga magitaa na tarumbeta mbili chini ya dirisha. Tulilia, tulicheka, tukarudi nyumbani tunaimba tusichokijua.

Ndipo akaja Nasibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mimi Nasibu, nina duka la kaseti Kariakoo. Kwa asili ni Mzigua."

"Mzigua? Basi rudi nje ujipanguse kwanza, nyumba hii imefagiliwa."

"Nimeshaingia, mtani. Na nyie Waluguru hamna nguvu ya kumtoa mtu, nguvu zenu zimeishia kwenye kubeba ndizi."

Tukacheka. Wazigua ni watani wetu tangu babu na babu. Mtani humkasirikii. Akikutukana unamtukana, akichukua kuku wako unamcheka, hasira ikikushika wewe ndiye mwenye aibu. Nilimpa maji, nikampa na ndizi za kupika.

Akala, akasema, "Kaka Laurenti, watu wamechoka na jazi za wazee. Wanataka ile ya kwenye televisheni. Tunachukua nyimbo zilezile zinazopendwa redioni, za mapenzi, za dansi, hata moja ya kwaya, unazipiga kimeksiko. Hakuna kuimba. Tarumbeta mbili mbele, magitaa nyuma, kinanda kitoe sauti ya fidla."

"Nina tarumbeta moja," Laurenti akamwambia.

"Utapuliza mara mbili. Mashine ya studio itazijumlisha."

"Jazi haipigwi hivyo, bwana. Jazi watu wanasikilizana."

"Jazi ya kiwanda kipi, kaka?"

Laurenti aliangalia chini. Hapo ndipo palipoamuliwa. Kofia ilishonwa na mama mmoja wa sokoni anayesuka mikeka, ya ukindu, ukingo wake umezungushiwa utepe mwekundu. Kwenye picha ya jalada mwanangu amesimama ameivaa, na nyuma yake milima yetu ya Uluguru, ati ndiyo Meksiko.

Sasa niwaambie habari ya mjukuu wangu, kwa sababu yaliyotokea yalimwangukia yeye.

Hosiana ni mtoto wa binti yangu Jesca. Jesca alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na kwetu mtoto ni wa upande wa mama, wa lukolo yetu, ukoo wetu. Alipovunja ungo tulimpandisha Matombo awekwe ndani, kwa mama yangu mkubwa, Bibi Mwanahawa, ambaye ndiye kungwi wa ukoo. Bibi Mwanahawa alisilimu alipoolewa, mimi ni Mkatoliki, lakini mwali ni mwali, hapo hatuulizani dini. Zamani walikaa ndani mwaka na zaidi. Siku hizi shule hairuhusu, ni muda wa likizo tu.

Upande wetu mwali hutolewa kwa wimbo mmoja. Siwasemei koo nyingine, nasema wetu. Unaimbwa alfajiri ya kutolewa, basi, hauimbwi tena mpaka mwali mwingine. Una sauti mbili, moja inapanda na nyingine inaifuata kwa chini, kama mtoto aliyeshika upindo wa khanga ya mama yake. Wasichana ambao bado hawajawekwa ndani huteremshwa mtoni alfajiri hiyo, mahali maji yanapopiga kelele kwenye mawe, wasiusikie. Wanaume hupanda juu migombani. Wao husikia kwa mbali, kila mwanamume wa Matombo anaujua tangu utoto, lakini hana mdomo nao. Hapigi hata mluzi. Nimeishi miaka yote hii sijasikia mwanamume akiupigia mluzi, hata mlevi.

Na mwali anapousikia kwa mara ya kwanza, amefunikwa, ameketi kizingitini, hulia. Si kwa kufundishwa. Unamjia tu. Mimi nililia, Jesca alilia, Bibi Mwanahawa anasema alilia mpaka akashindwa kusimama. Kilio kile ndicho tunachokipigia vigelegele, na hapo ndipo ametoka. Asiyetolewa hivyo haitwi kuosha maiti ya mwanamke wa ukoo, wala haketi chumbani mwenzake anapojifungua. Anabaki mtoto, hata awe na mvi.

Haya. Nilikuwa sokoni mjini, kwenye ndizi zangu. Kibanda cha kaseti kilikuwa mbele yangu, na siku hiyo kijana muuzaji alikuwa na mzigo mpya. Nikaona jalada, nikaona kofia, nikawaambia wenzangu, "Mwanangu huyo." Wakashangilia. Kijana akaweka kaseti, akafungua spika.

Wimbo wa kwanza upande wa kwanza, magitaa yanakwaruza, kinanda kinalia kama fidla, halafu tarumbeta mbili zikaingia. Moja inapanda, nyingine inaifuata kwa chini.

Nilishika meza. Nilifikiri ni kichwa changu. Nikaangalia pembeni, mama mmoja wa kutoka Kinole aliyekuwa akiuza iliki ameacha mkono hewani na kipimo chake. Tulitazamana. Watu wengine walikuwa wanacheza. Mwanamume mzima amejiwekea ungo kichwani, anazunguka, watu wanampigia makofi.

Nikamwendea kijana. "Zima hiyo."

"Mama, hiyo ndiyo inayouza!"

"Zima nakuambia."

"Nizime ugali wangu, mama? Kacheze, mwanao huyo. Au hajakukatia chako?"

Nikaziacha ndizi zangu pale pale, nikaenda nyumbani. Laurenti alikuwa ameketi uani, anapaka mafuta midomo. Midomo ilikuwa imevimba na kupasuka tangu atoke studio.

"Ule wimbo umeutoa wapi?"

"Upi, mama?"

"Usiniulize upi, Laurenti."

Akaweka mafuta chini. "Upande wa kwanza ulibaki na nafasi. Nasibu akasema ongeza mmoja wowote. Nilikuwa nimechoka, mama, nimepuliza kutwa nzima vitu visivyokaa mdomoni. Nikaupuliza huo. Ndio niliokuwa naujua kabla sijajua kushika tarumbeta. Maneno sikuyatia. Bila maneno si wimbo ule, ni sauti tu. Nani atajua?"

"Kila mwanamke wa Matombo."

"Nilidhani wa mwisho, huko kwenye kona. Nasibu ndiye aliyeuleta mbele." Akayachukua tena mafuta, akasema taratibu, "Ndio pekee nilioupiga kama nilivyokuwa nikipiga zamani."

Na ni kweli. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, ni kweli. Zile nyingine zilikuwa kelele za biashara, ule alikuwa amefumba macho.

"Hosiana yuko ndani," nikamwambia.

Hakuwa anajua. Mambo ya mwali hayasimuliwi kwa mjomba wake. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Basi nitaenda nikaitoe sokoni."

Alikwenda kweli. Alizunguka kibanda hadi kibanda, anaomba. Walifurahi kumwona. Wakamwuliza kofia iko wapi.

Mimi nikamngojea Nasibu, maana alikuwa akija Morogoro kupeleka mizigo. Nikamkuta anateremsha maboksi.

"Nasibu mwanangu, leo sikuja kwa utani."

"Mtani akikuambia hakuja kwa utani, shika mfuko wako!"

Watu wakacheka. Nikasema, "Kuna wimbo humo si wa kuuzwa. Uondoe. Wa kwanza."

"Wa kwanza? Huo ndio unaobeba wenzake mgongoni, mama. Halafu hata nikiuondoa, unadhani ni zangu peke yangu? Wananunua moja, wanarekodi kaseti kwa kaseti, wanauza. Hata jalada wanatoa kivuli, mwanao amekuwa mweusi kama chungu. Huko Mgeta kwenye malori ya kabichi wanapiga, Ifakara wanapiga. Nitamkamata nani?"

"Ni wimbo wa wanawake, Nasibu. Wa ndani."

Nilidhani atashtuka. Wazigua nao huweka mwali ndani. Kidogo macho yake yalisimama, kisha akaona watu wanatuangalia, akarudi kwenye kicheko chake. "Nyie Waluguru! Siri yenu mnaipigia kelele mlimani, halafu mnataka wanaume waache masikio nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi, nawaambia ukweli, nilicheka. Mdomo ulicheka wenyewe kwa mazoea, mtani amesema, utafanyaje? Machozi yananitoka na huku nacheka. Akanipa kaseti moja, zawadi.

Nikapanda Matombo. Niliikuta habari imenitangulia, kwa sababu gari nililopanda lilikuwa limepiga wimbo ule njia nzima na kila tulipoteremsha mtu.

Bibi Mwanahawa alikuwa barazani, anachambua majani ya magimbi. Nikampigia magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na mwanao au umekuja na tarumbeta?"

"Nimekuja peke yangu."

"Amesikia," akasema, akielekeza kidevu mlangoni kwa Hosiana, "au hajasikia, mimi sijui. Sikumwuliza. Nikimwuliza nimemwambia."

"Tufanyeje, mama? Hakuna wa kuosha kosa hili?"

"Mambo ya namna hii huoshwa na mtani. Sasa aliyechafua ni mtani mwenyewe, maji atayachota wapi?"

Nyumba iko juu ya barabara, na barabarani kuna duka la Stambuli. Nikateremka kumwomba. Stambuli ni mtu mzima mwenye adabu, aliinuka, akanipa kiti.

"Redio yangu nimeshaizima tangu jana, mama. Wala sikuambiwa, mimi ni mwanamume wa hapa, niliposikia tu nikaizima. Lakini magari je? Nitaizima barabara?"

Ulikuwa msimu wa ndizi. Magari yalipanda matupu na kushuka yamejaa, na kila gari lilikuwa na wimbo ule. Tukatundika mikeka na mablanketi madirishani. Hosiana akalalamika joto. Halafu Bibi Mwanahawa akasema tutwange.

Basi tukatwanga. Likisikika gari kwenye kona ya chini, mmoja anarukia kinu. Tulitwanga mahindi, tulitwanga mpunga, vilipokwisha tukatwanga kinu kitupu, tii, tii, tii, mpaka gari lipite. Wanawake wa ukoo walikuja kupokezana. Tulikuwa tunafanya mto, ndivyo nilivyojiambia, kama wale wasichana wanaoteremshwa kwenye mawe. Viganja vilitoka malengelenge. Kuna gari liliharibika hapo hapo barabarani, dereva amelala chini ya injini, redio inaendelea. Tulitwanga asubuhi yote. Kinu kikapasuka, tukaazima kingine. Kila nikiingia kumpelekea Hosiana uji, namwangalia usoni. Alikuwa mtulivu. Anatabasamu kidogo, anainamisha macho kama mwali anavyotakiwa. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, hajasikia.

Siku ikafika. Jesca akaja kutoka kwenye miwa, na kitenge kipya cha mtoto wake. Laurenti sikumruhusu kupanda.

Alfajiri wanaume wakaenda migombani. Wasichana wadogo wakateremshwa mtoni na Mwajuma, binti wa Stambuli. Ukungu ulikuwa umekaa chini, barabara kimya, hata gari moja. Tukamtoa Hosiana mpaka kizingitini, tukamketisha, amefunikwa khanga kichwa hadi miguu. Bibi Mwanahawa akashika sauti ya juu. Sauti yake imezeeka lakini haijapinda. Sisi tukamfuata kwa chini.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mtoto. Nikaona mabega yanaanza kutikisika.

Analia. Nilitaka kupiga magoti. Jesca naye akaona, akashindwa kungoja, akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, nyumba nzima ikajaa vigelegele. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo nipige na mimi.

Lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kufuata. Kulia, kushoto, kulia, kama yule mwanamume wa sokoni mwenye ungo. Na chini ya khanga kukatoka kasauti kembamba, anatia sauti ya tarumbeta ya pili, pa-pa-paa, mahali pake hasa, bila kukosea.

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Cha Jesca kilikuwa cha mwisho. Bibi Mwanahawa alikata wimbo katikati. Sijawahi kusikia ukikatwa.

Hosiana akafunua uso. Alikuwa anacheka, amefurahi, jasho kwenye pua. "Wimbo wa mjomba!" akasema. "Nilikuwa nausikia kila siku mkianza kutwanga. Nilijua mnanitwangia mdundo wake, nijifunze."

Tulisimama na mikono yetu yenye malengelenge. Na katika kimya kile, kutoka chini mtoni, tukawasikia wasichana wadogo. Walikuwa wanaimba pa-pa-paa, wote pamoja, wamepandisha sauti ili wasikilizane, maana maji yale yana kelele.

Bibi Mwanahawa alichukua fimbo yake, akaingia ndani. Hakusema ametoka, hakusema hajatoka. Nilimfuata nikamwuliza, akanigeuzia mgongo akaanza kutandika kitanda chake. Tangu hapo nimemwuliza mara nyingi. Husema, "Kamwulize mpuliza tarumbeta." Na mwaka uliofuata, mama mmoja wa ukoo alipofariki, wanawake waliitwa kuosha, Hosiana akasimama mlangoni na ndoo ya maji, wakampokea ndoo, wakafunga mlango.

Ndiyo maana naandika. Sisemi mwanao asipulize. Kaa naye kabla, mwulize kila alichokisikia tangu utotoni, mwambie kipi si chake, hata kama hakina maneno. Kwa sababu kikishatoka hakuna wa kukirudisha, si wewe, si yeye, hata aliyekiuza hawezi. Mimi nimewajaribu wote.

Asubuhi ile ya kutolewa, wengine walipokwisha kutawanyika, Hosiana alibaki ameketi pale kizingitini, miguu nje na mwili ndani, kitenge kipya bado kimekunjwa mapajani. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Aliniangalia, kisha akaangalia uani palipokuwa na kinu.

"Bibi," akaniuliza, "sasa mimi nimetoka, au bado?"